Mama Mapigo: ‘Kompyuta haijui polepole kidogo’

Saa nne asubuhi. Mama Mapigo amevaa spika za masikioni, kidole kiko kwenye kipanya, macho hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta. Anasikiliza vipimo vinne vya wimbo, yaani zile sehemu fupi fupi ambazo wimbo hugawanywa kwenye karatasi ya nota. Vikiisha anavirudisha nyuma, anaanza upya.

Upande wa pili wa pazia mumewe amelaza friji chali na anaigongagonga mgongoni kwa bisibisi. Mama Mapigo anainua mkono bila kugeuka. Kugonga kunakoma, na friji inasubiri zamu yake.

“Hapa mwendo unashuka,” anasema, akipiga meza kwa kidole. “Themanini na nne, sabini na sita, sabini, sitini na mbili, hamsini na sita. Halafu unarudi palepale ulipotoka. Sauti ya kwanza iko sawa. Ya pili iko sawa. Ngoja niisikilize ya tatu.”

Ya tatu ameshaisikiliza. Ya nne pia. Amezisikiliza zote tangu alfajiri kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba na kila akifika barabarani anarudi kuutikisa. Blauzi yake ameivaa ndani nje, na mumewe ameliona hilo tangu chai ya asubuhi. Ananong’ona kwamba ameamua kunyamaza, maana akimwambia ataliongeza kwenye orodha ya mambo ya kuogopa.

Na la kuogopa lipo. Leo jioni kwaya ya wafanyakazi wa hospitali inafanya mazoezi mbele ya kamati yake. Mazoezi hayo ndiyo yataamua kama mwalimu wao mzee ataongoza wimbo aliotunga mwenyewe siku ya kufungua wodi mpya ya wazazi, mwisho wa mwezi, au ataombwa akae kwenye viti vya wageni amwachie mtu mwingine. Mama Mapigo haimbi katika kwaya hiyo wala si mjumbe wa kamati. Lakini mzee akinyang’anywa wimbo wake, anasema, mkosaji ni yeye.

Kazi yake si ya kawaida, na majirani wengi hadi leo wanaamini anatengeneza kadi za harusi. Anaandika nota za muziki kwa kompyuta. Walimu wa kwaya humletea nyimbo zao zimeandikwa kwa penseli, nyingine juu ya karatasi zilizofungiwa vitu dukani, naye huziingiza nota moja moja kwenye programu maalumu. Mwisho wa kazi anatoa vitu viwili: karatasi safi inayosomeka, na faili za sauti, moja kwa kila sauti ya kwaya.

Hizo faili ndizo zinazotakiwa zaidi. Wauguzi, wapishi, madereva na watu wa maabara hufanya kazi kwa zamu, na ni nadra wote kuwa huru jioni moja. Kwa hiyo kila mmoja hujifunza kwake, simu imeegemezwa kwenye sufuria au kwenye rundo la sare za kupiga pasi. Anayeimba sauti ya kwanza anapata faili ya sauti ya kwanza, wa besi anapata ya besi. Kompyuta haina maneno, inalia tuu-tuu-tuu kama filimbi, lakini inalia kwa usahihi, na mtu akiisikiliza mara ishirini wimbo unamwingia hata kama hajui nota ni mnyama gani.

Ugumu, anasema, si nota. Nota ziko juu au chini, ndefu au fupi, basi. Ugumu ni mwendo.

“Mwalimu ananiandikia ‘polepole kidogo’. Wewe ukisoma utaelewa. Kompyuta haijui polepole kidogo. Inataka nambari. Na nikiipa nambari mbaya, watu arobaini wataimba hiyo nambari yangu mbaya.”

Ndiyo maana amejitungia utaratibu. Mwalimu yeyote anayeleta wimbo lazima akae kwenye kigoda kilicho kando ya meza, aimbe huku akigonga, na yeye anabonyeza kitufe kwa kila pigo mpaka programu impe hesabu: mapigo mangapi kwa dakika. Anauliza swali hilo la mapigo mara nyingi mno, ndipo watu wa kwaya wakambandika jina. Mumewe, ambaye mtaani anaitwa Fundi Baridi, hulalamika kwamba wapita njia wakilisikia wanamtazama yeye kwa huruma.

Amejifunza pia tabia za walimu. Kuna mmoja ambaye akija na njaa mwendo wake unapanda, kwa hiyo sasa haandikiwi kitu kabla hajala. Mwingine akigonga anapunguza kila anapofika mahali anapopapenda, bila mwenyewe kujua. Fundi Baridi anasema mkewe anawajua wanaume wa watu kwa mapigo ya moyo, na kama angekuwa na wivu angeshafunga duka.

Yeye mwenyewe alianza kwa kuimba. Alipokuwa msichana mdogo aliingizwa kwenye kwaya ya watoto iliyofundishwa na mwalimu huyuhuyu, wakati huo kijana wa maabara mwenye sauti nene na viatu vilivyong’aa. Ndiye aliyemfundisha kusoma nota, kwa kuwapanga watoto kwenye ngazi za mlango wa ukumbi, kila ngazi nota yake, na kuwaambia wapande na kushuka huku wakiimba. Baadaye akasomea uhazili, akaajiriwa ofisini kupiga chapa, mpaka wakubwa walipojua kupiga chapa wenyewe na nafasi yake ikafutwa.

Kompyuta aliyonayo ameinunua ikiwa imeshatumika, na herufi kadhaa kwenye vitufe zimefutika. Wimbo mmoja wa sauti nne unaweza kumla siku mbili au tatu, na malipo yake anayaita “mboga na sabuni”. Karo za watoto, anakiri bila kinyongo, zinatoka kwenye friji. Msimu wa mashindano ya kwaya ukifika mambo huwa mazuri kidogo, lakini msimu ni mmoja kwa mwaka, na kilichomweka mjini mwaka mzima ni sifa kwamba faili zake hazikosei.

Kosa lilitokea katika wimbo wa wodi ya wazazi.

Katikati ya wimbo huo kuna vipimo vinne ambapo kwaya inamwimbia mtoto aliyezaliwa, “umefika, umefika salama,” na hapo mwendo unapungua taratibu kabla ya kurudi kama mwanzo. Mwalimu alikaa kigodani, akagonga, Mama Mapigo akapata nambari. Kutoka themanini na nne, mwendo ulishuka hadi sitini na nane.

Kompyuta haipunguzi mwendo kwa kuambiwa tu, inabidi ipewe alama kwa kila hatua, kama dereva anayewekewa vibao barabarani. Mama Mapigo huziweka alama hizo zote, kisha anazificha. Programu inaruhusu hivyo: kompyuta inazitii, lakini zikichapwa hazionekani. Asipozificha, anasema, karatasi inajaa nambari kama risiti ya duka la jumla na mwimbaji haoni hata maneno. Mwimbaji anachokiona ni yale maneno ya mwalimu tu, polepole kidogo.

Akatengeneza faili mbili za wanawake, sauti ya kwanza na ya pili, akazituma kwenye kundi la simu la kwaya. Kabla hajagusa za wanaume, Mwalimu akapiga simu. Amefikiria, alisema, na pale mahali panatakiwa pashuke zaidi. Mtoto hafiki kwa mbio. Mama Mapigo akarekebisha alama zake zilizofichwa mpaka hamsini na sita, akatengeneza sauti ya tatu, akatengeneza besi, akatuma. Alipotaka kurudia zile mbili za wanawake, umeme ukakatika.

Uliporudi alikuta wateja wawili wanamsubiri. Akilini mwake kazi ilikuwa imekwisha. Alipochapa karatasi hazikumwambia lolote, kwa sababu alama zilizobadilika ni zile zisizoonekana. Karatasi ya muuguzi na karatasi ya dereva zilifanana kila nukta. Simu zao ndizo zilizotofautiana.

“Ningekosea nota, mtu angeona,” anasema. “Mimi nilikosea mahali nilipopaficha mwenyewe.”

Kwaya ilikutana kwa mara ya kwanza wiki mbili baadaye. Walianza vizuri. Walipofika kwenye vile vipimo vinne, wimbo ukapasuka. Walisimama, wakarudia, ukapasuka palepale. Mara ya tatu vivyo hivyo, na watu wakaanza kutazamana, kisha wakaanza kutazama mkono wa Mwalimu.

Mkono huo unatetemeka. Ni wa kulia, ulianza mwaka juzi, na hauna dawa ya kuuponya, dawa zilizopo zinautuliza tu. Kila mtu hospitalini anajua. Watu wazima hawakumsema usoni, walimsubiri aondoke. Mwenyekiti wa kamati, muuguzi mstaafu ambaye ameimba sauti ya pili kwa miaka mingi kuliko anavyotaka iandikwe, alimtumia Mama Mapigo rekodi ya mazoezi yale. Alimwomba aandae karatasi yenye alama kubwa zaidi kwa ajili ya mwongozaji mpya. Aliandika kwa huzuni kwamba mkono wa mzee umeshindwa, na kwamba wanafikiria kumpumzisha kwa heshima.

Mama Mapigo aliisikiliza rekodi hiyo akiwa amesimama, akaketi, akaisikiliza tena.

“Mkono ukitetemeka, kila mtu anapotea kivyake. Huyu mbele, yule nyuma, shaghalabaghala. Hawa hawakupotea hivyo. Wanawake walikuwa pamoja kabisa. Wanaume walikuwa pamoja kabisa. Ila wanawake walikuwa wao na wanaume wao.”

Akafungua faili zake. Haikumchukua muda.

Mtu wa kwanza kuambiwa ni Mwalimu mwenyewe, nyumbani kwake, kwenye kibaraza chenye viti viwili vya mbao. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wa kushoto ukiwa umeushika wa kulia pajani, kama anavyofanya siku hizi anapokuwa na wageni. Kisha akamuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Alipoambiwa hakuna, akasema basi iishie hapo.

“Mimi mkono wangu unatetemeka, binti yangu, hilo si siri,” alimwambia. “Kazi yako haijawahi kutetemeka. Tusiharibu vyote viwili.”

Maneno hayo Mama Mapigo anayarudia akitazama pembeni. Anasema yangemuuma kidogo kuliko hivi kama mzee angemfokea. Alirudi akamweleza mumewe, akitumaini kwa siri kwamba naye atasema inyamaziwe, maana wateja wa kwaya hawakai na siri na habari ya faili zinazokosea ingefika kila kwaya kabla ya Jumapili. Fundi Baridi alikuwa chini ya friji. Alijibu kutoka hukohuko kwamba wahenga walishasema, mficha uchi hazai. Kisha akatoka, akapangusa mikono, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kama ni kula watakula friji, lakini yeye hawezi kuishi na mwanamke anayesikiliza vipimo vinne mpaka uzeeni.

Alikwenda mbele ya kamati. Walikutana kwenye chumba cha chai cha wauguzi, meza moja ndefu, birika, na ubao wa matangazo uliojaa ratiba za zamu. Walikuwepo Mwenyekiti na wajumbe wachache, pamoja na msaidizi wa Mwalimu, fundi wa eksirei anayeimba besi, ambaye ndiye aliyetarajiwa kupewa wimbo.

Mama Mapigo hakuhutubia. Alimwomba Mwenyekiti aweke simu yake mezani, afungue faili ya sauti ya kwanza, na fundi wa eksirei afungue ya besi. Wabonyeze kwa pamoja. Mara ya kwanza fundi alichelewa kubonyeza ikabidi waanze tena. Mara ya pili zilikwenda sambamba, tuu-tuu-tuu, juu na chini, na mjumbe mmoja hata akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Zilipofika kwenye “umefika”, simu ya Mwenyekiti ikatangulia. Ya besi ikabaki nyuma ikijikokota. Sauti ya kwanza ilikuwa imesharudi kwenye mwendo wa mwanzo wakati besi bado inamlaza mtoto.

Simu zote mbili zikafika mwisho. Halafu Mama Mapigo akawaambia kwamba aliyewapasua ni yeye, na kwamba mkono wa Mwalimu haukuhusika.

Mwenyekiti alikasirika, na hakuficha. Alisema amemsema vibaya mzee wa watu kwa wiki nzima, jikoni na wodini, na sasa atakwenda kuyazoa vipi maji yaliyomwagika. Aliyemtuliza ni fundi wa eksirei. Alisema yeye binafsi alikuwa ameshanunua shati kwa ajili ya kuongoza siku hiyo, lakini shati linaweza kuvaliwa hata kwenye besi. Wakakubaliana: faili mpya zitumwe, watu wajifunze upya, kamati iwasikilize tena chini ya Mwalimu. Wakienda pamoja, anabaki. Wakipasuka tena, basi.

Faili mpya zilitumwa siku hiyohiyo. Kwaya moja ya upande wa pili wa mji imeshachukua nyimbo zake na kuzipeleka kwingine, na nyingine imeacha kupokea simu. Lakini linalomnyima raha Mama Mapigo asubuhi hii ni jambo lingine. Kilichoingia masikioni kwa wiki mbili hakitoki kwa siku chache. Wanawake wale wameshazoea kushuka kidogo. Wakisahau jioni ya leo na kuimba walivyozoea, wimbo utapasuka, na hakuna atakayeilaumu kompyuta mara ya pili.

Saa kumi na moja jioni yuko nyuma ya ukumbi wa mafunzo wa hospitali, blauzi yake sasa imegeuzwa ipasavyo. Viti vya plastiki vimepangwa nusu duara. Wengine wamekuja na sare za kazi, mmoja bado ana kalamu nyuma ya sikio. Mwalimu amefunga shati mpaka kifungo cha shingoni. Anawasalimia, anauliza habari za mtoto wa mmoja, halafu anainua mkono, na mkono unatetemeka mbele ya watu wote.

Wanaanza. Mama Mapigo amefumba macho na vidole vyake vinahesabu kwenye paja. Wimbo unapokaribia ule mstari wa mtoto anaacha kuhesabu na kushika kiti cha mbele yake.

“Umefika,” wanawake wanaimba, na mwendo unashuka. Wanaume wanashuka nao. Kipimo cha pili wako pamoja, cha tatu wako pamoja, na cha nne kinawashusha wote mpaka ukumbi unaonekana umekuwa mpana zaidi. Kisha wanarudi kwenye mwendo wa mwanzo kwa pamoja. Mwenyekiti, katikati ya sauti ya pili, anaimba huku machozi yanamtoka.

Wimbo unaishia kwenye nota moja ndefu, neno “salama”. Juu yake Mwalimu ameweka alama ya kushikilia, nusu duara yenye nukta ndani, ambayo maana yake ni kwamba msiachie mpaka mwongozaji awaachie. Kwaya inashikilia. Inashikilia kwa nguvu, halafu inaachia, wote kwa wakati mmoja, kwa usafi ambao kwaya hii haijawahi kuufikia.

Makofi yakalipuka. Kamati haikutaka hata kwenda pembeni kujadili, Mwenyekiti alitangaza palepale kwamba Mwalimu ndiye mwongozaji na hakuna mwingine. Watu wakakumbatiana. Mwandishi wa makala haya naye alipiga makofi, akaandika kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Mama Mapigo hakupiga makofi. Alikuwa anautazama mkono wa Mwalimu. Wakati kwaya inaachia nota ile ya mwisho, mkono ulikuwa bado uko juu. Mzee alikuwa bado anawashikilia, na wao walikuwa wameshaondoka. Ulibaki hewani peke yake kwa muda mfupi, ukitetemeka, kisha akaushusha na kuushika kwa ule wa kushoto.

Sababu yake anaijua, kwa kuwa aliiandika yeye. Kompyuta haijui kumsubiri mtu. Kwenye alama ya kushikilia nako inataka nambari, na Mama Mapigo aliipa mapigo manane, kwa makadirio tu, apate kumaliza faili. Watu arobaini walijifunza manane. Jioni ile walihesabu manane, wakaachia. Hawakuwa wamemtazama Mwalimu hapo, na anavyoamini sasa, hawakuwa wamemtazama mahali popote.

Ukumbi ulipokuwa ukimwagika mzee alimfuata nyuma. Alimshukuru kwa kumtetea. Halafu akamuuliza kwa sauti ya chini, “Umeona?”

Akajibu kwamba ameona.

Walikaa kwenye viti viwili vya plastiki wakati wengine wanakusanya mikoba. Mama Mapigo ndiye aliyetoa wazo, na anasema alipolisikia likimtoka mdomoni aliliogopa. Angeweza kukata faili zote nne kabla ya nota ya mwisho. Kompyuta ifundishe wimbo wote, isifundishe mwisho. Wakija mazoezini hawatakuwa na nambari ya kuihesabu, itawabidi wainue macho. Lakini wakiinua macho wataukuta mkono ule, na mkono ukiwayumbisha watapotea, safari hii kweli kwa sababu yake, siku ya wodi, mbele ya wageni. Leo mzee ameponea chupuchupu kunyang’anywa nafasi yake. Kukata faili ni kuiweka tena hatarini.

Mlinzi akaja kuuliza kama azime taa, Mwalimu akamwomba asubiri.

“Kata,” alisema. “Wakinitazama wakapotea, nitajua ni mimi. Hivi sasa sijui kama nipo.”

Sasa ni asubuhi ya pili tangu mazoezi yale, na Mama Mapigo amerudi mezani kwake nyuma ya pazia. Amekata, na ametuma. Faili zote nne zinafika kwenye pigo la mwisho kabla ya “salama”, zinanyamaza. Amezisikiliza moja baada ya nyingine kuhakikisha zimenyamaza mahali pamoja, na amezisikiliza tena, na mumewe amekata tamaa ya kumwambia apumzike. Kamati haijaambiwa sababu. Anatarajia ugomvi.

Mipango yake akiulizwa ni mifupi. Anataka kuzirudisha zile kwaya mbili zilizomkimbia, hata kama ni kwa kuwaandikia wimbo mmoja bure. Kuanzia sasa anataka alama zake za mwendo awe anazichapa kwenye karatasi moja ya pembeni, ya mwalimu peke yake, ili pasiwe na kilichofichwa ambacho mtu wa pili hawezi kukikagua. Na siku ya wodi anataka kukaa mstari wa mbele, si nyuma, macho yakiwa wazi.

“Naogopa,” anasema. “Sijawahi kuogopa wimbo hivi. Mzee wangu ana mazoezi mawili tu ya kuwafundisha kumtazama, na mkono wake ndio huo.”

Simu yake inaita. Inaita tena akiwa bado anaongea na wa kwanza. Ni waimbaji, mmoja baada ya mwingine, muuguzi kutoka wodini, dereva aliyeegesha gari pembeni, mpishi mwenye kelele za masufuria nyuma yake. Wote wana shida moja: faili mpya ni mbovu, haifiki mwisho, inakatika, atume nyingine.

Kila mmoja anamjibu vilevile, kwa upole, huku mkono mwingine umeshika ukingo wa meza.

“Haijakatika, ndugu yangu. Iliyobaki anayo Mwalimu. Ukifika mazoezini, mtazame yeye.”